Mbuzi wa Guniani: Somo juu ya Kununua Gari Bila Kuliona



Mwaka jana, siku chache kabla ya mvua za masika, mzee mmoja wa miteremko ya Mlima Meru alifika ofisini kwetu pamoja na mkewe na mwana wao. Nyuso zao zilijaa furaha. Kijana alitoa simu mfukoni, akatuonyesha picha 12 za gari aina ya Toyota HiAce, jeupe, lenye kung'aa. Ndani mlikuwa na kitanda, kabati, jiko dogo la gesi na mapazia ya rangi ya samawati. Lilikuwa gari la kulala, yaani lile ambalo msafiri hupumzika usiku ndani yake kama yu chumbani.

Kijana huyo ni dereva wa watalii, na shabaha yake ilikuwa njema: kulikodisha kwa wageni waendao Tarangire, Manyara na Ngorongoro wasiotaka gharama ya hoteli. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kuongeza akiba ya kahawa. Mama alikuwa amekopa katika chama cha kuweka na kukopa. Fedha yote ilikuwa imekwisha kupelekwa ng'ambo kwa njia ya benki. Hawakuja kutuuliza kama gari lile lafaa. Walikuja kuomba siku ya kulibariki.

Baada ya miezi mitatu gari lilifika Arusha. Tulikwenda pamoja nao gerejini, Unga Limited, ili fundi alitazame kwanza. Fundi aliweka jeki chini ya kizingiti cha mlango, akaanza kuinua. Jeki ilipanda, gari halikupanda. Chuma cha jeki kiliingia katika bati kama kidole kiingiavyo katika mkate uliolowa, na magamba mekundu ya kutu yakamwagika chini. Fundi alilala chali, akaingia uvunguni akiwa na tochi na bisibisi, akakaa huko kitambo. Alipotoka alimwambia mzee kwa upole: "Mzee wangu, nisamehe. Nikileta bati jipya, nitalichomelea juu ya nini? Chuma cha kulishika hakipo." Mama aliketi juu ya tairi kuukuu, asiseme neno.

Siku ile hatukubariki gari.

Hatuleti habari hii ili mtu awacheke watu hawa, maana ni watu wenye akili na bidii. Wala hatumtaji muuzaji, kwa kuwa hayuko peke yake. Twaileta kwa sababu jambo hilihili laweza kuipata familia yo yote kati yenu, iwe Arusha, Mbeya, Mwanza au Songea. Wahenga walituonya tusinunue mbuzi aliye guniani. Siku hizi gunia limekuwa na picha nzuri kwa nje, lakini mbuzi bado yumo ndani.

Tuseme wazi tangu mwanzo: hatukatazi kununua gari lililotumika. Tazameni barabara kutoka Ngaramtoni hadi Usa River. Magari mengi sana yapitayo hapo yalitumika kwanza ng'ambo, hasa Japani, nayo yafanya kazi vizuri. Wengi wetu hatuwezi kununua gari jipya. Tunalokataza ni kutoa fedha kabla jicho la kuaminika halijaingia uvunguni. Sababu zake ndizo somo la leo.

KUTU NI NINI?

Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa chuma tupu. Huchimbwa kikiwa mawe, ambamo chuma kimeungana na hewa ya oksijeni, na binadamu hukitenga kwa moto mkali. Tangu siku hiyo chuma hutafuta kurudi kilikotoka. Kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, huungana tena na oksijeni, na matokeo yake ndiyo kutu. Chumvi huliharakisha jambo hili mno, maana maji ya chumvi hupitisha kwa wepesi zaidi ule umeme mdogo ambao kwa huo kutu huendelea kula.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa. Kwanza, kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi ya gari huvimba kama lengelenge la mtu aliyeungua. Lengelenge la ukubwa wa punje ya hindi huweza kuwa alama kwamba bati limekwisha kuliwa kutoka ndani, na kwamba tunaloliona nje ni mwisho wa kazi, si mwanzo wake. Pili, kutu ya chuma hailindi kitu. Alumini ikiungana na hewa hujivika ganda jembamba linalokinga sehemu ya ndani. Kutu ya chuma humeguka na kuanguka, ikaacha chuma kipya wazi, nacho huliwa tena.

Kwa hiyo kutu zote si sawa. Iko kutu ya juujuu, ambayo fundi huisugua kwa msasa, akapaka rangi ya kinga, mambo yakaisha. Iko kutu ya magamba, iliyokwisha kupunguza unene wa chuma. Na iko kutu ya kutoboa, ambayo dawa yake ni kukata na kuchomelea chuma kipya. Ya kwanza haimzuii mtu kununua. Ya tatu yaweza kugharimu kuliko gari lenyewe. Picha iliyopigwa kutoka hatua tano haiwezi kukutofautishia moja na nyingine.

PICHA HAIFIKI WAPI?

Kutu hupenda mahali pasipopigwa picha: ndani ya vizingiti vya milango, nyuma ya matao ya magurudumu, chini ya zulia, pembezoni mwa kioo cha mbele, penye maungio ya springi, na katika mabomba membamba yapelekayo mafuta ya breki magurudumuni. Mahali hapo pote hukaa matope, na matope hushika unyevu siku nyingi baada ya mvua kukoma.

Chukueni mfano wa Kombi ya Volkswagen, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950. Wazee wa Arusha wanazikumbuka Kombi zilizobeba watalii miaka ya 1960 na 1970, na hata leo wageni wengi huzipenda kama magari ya kulala. Kombi haina chasisi iliyo mbali na bodi, kama lori lilivyo. Bodi na sakafu vimechomelewa pamoja na mihimili ya chini, na vyote kwa pamoja ndiyo mifupa ya gari. Kizingiti chake kikioza, aliyeoza si ngozi ya gari bali ni uti wa mgongo.

Au chukueni Land Rover, gari ambalo Arusha yalijua kuliko miji mingi. Mwezi wa Oktoba 2024 mji wetu ulijaa Land Rover za kila umri zilizokusanyika kwa tamasha lao. Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa hasa kwa alumini. Mtu akiitazama bodi hiyo baada ya miaka 50 huiona haina kutu, akafurahi. Lakini chasisi iliyo chini yake ni ya chuma, iliyo wazi kwa ndani kama bomba la pembe nne. Maji na matope huingia humo, kutu ikala kutoka ndani kuja nje. Hapo ndipo maneno ya wahenga yanapotimia: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Gari la kulala lina hatari zake zaidi ya gari jingine. Aliyelitengeneza alitoboa paa ili aweke dirisha la hewa, akatoboa sakafu ili ashikize kitanda na kabati, akatoboa ubavu ili apitishe maji na umeme. Kila tundu ambalo kingo zake hazikupakwa rangi vizuri ni mlango wa kutu. Tena watu wakilala ndani, pumzi yao hugeuka matone juu ya bati lililopoa usiku, na matone hayo hutiririka nyuma ya mbao, mahali ambapo jua halifiki kamwe. Ndiyo maana gari la kulala laweza kuwa na mapazia mazuri na sakafu ya mbao iliyopakwa vanishi, na chini ya mbao hizo pasiwe na bati.

GARI LIMEISHI WAPI?

Kabla ya kuuliza gari lina umri gani, uliza limeishi wapi. Japani ni nchi ndefu. Sehemu zake za kaskazini, kama kisiwa cha Hokkaido, na pwani ya magharibi, kama Niigata, hupata theluji nyingi kila mwaka. Huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria ya kuzuia matairi yenye misumari, kwa sababu yalichimbua lami na kujaza vumbi hewani. Tangu hapo chumvi na dawa za kuyeyusha barafu zikazidi kutegemewa. Chumvi hiyo hurushwa na magurudumu hadi uvunguni, ikajificha katika kila mkunjo wa bati. Gari la miaka 8 lililoishi kaskazini laweza kuwa limeoza kuliko la miaka 15 lililoishi kusini. Uingereza nako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na Land Rover na Kombi nyingi zinazouzwa kutoka huko zimepita humo.

Iko pia hatari ya gharika. Tarehe 11 Machi 2011 mawimbi ya tsunami yalifunika pwani ya kaskazini mashariki ya Japani, na magari mengi mno yakazama katika maji ya bahari. Marekani nako, baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, magari yaliyozama yalisafishwa na kuuzwa kwa watu wasiojua. Gari la namna hiyo huoshwa, hukaushwa, hutiwa manukato, nalo huwaka. Lakini chumvi hubaki katika nyaya na viungo vya umeme, ikifanya kazi yake polepole.

Wala tusidhani kwamba kutu hutoka ng'ambo tu. Gari lililokaa miaka mingi Tanga, Dar es Salaam au Unguja limevuta hewa ya bahari usiku na mchana. Likipandishwa Arusha na kupigwa rangi mpya, mnunuzi hujiambia kwamba hili ni gari la hapahapa nchini, tena lina namba za Tanzania. Ni kweli ni la hapahapa. Hata hivyo ni lazima nalo liinuliwe na kutazamwa.

KARATASI ZASEMA NINI?

Magari mengi yatokayo Japani huuzwa kwanza katika mnada, na kila gari huandikiwa karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa gari. Juu ya mchoro huo mkaguzi huweka herufi na tarakimu. Kwa kawaida A ni mkwaruzo, U ni kibonyo, na W ni mahali palipopigwa rangi au kunyoshwa, pakabaki mawimbi. Herufi S ni kutu, kutokana na neno lao "sabi". Herufi C ni kutu iliyokwisha kula. Tarakimu ifuatayo ndiyo ukubwa wa kasoro: S1 ni ndogo, na kadiri tarakimu inavyozidi ndivyo kasoro inavyozidi. Gari likipewa daraja la R, maana yake kwa kawaida limepata ajali na kutengenezwa. Basi muuzaji aliyenunua mnadani amekwisha kuletewa habari ya kutu kwa maandishi. Akikuonyesha picha 12 na kuificha karatasi hiyo moja, jiulize kwa nini.

Japani pia ina ukaguzi wa lazima uitwao "shaken". Gari jipya la binafsi la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huu ni mkali na wenye gharama, na ndiyo sababu moja ya wenye magari kule kuyauza yangali mazima. Kwa hiyo si kila gari la bei nafuu ni bovu. Lakini ndiyo sababu pia ya wengine kuyauza yakiwa karibu kushindwa ukaguzi.

Gari likitoka Uingereza, iko njia rahisi zaidi ambayo watu wengi hawaijui. Kule gari hukaguliwa kila mwaka likisha kutimiza miaka 3, na ukaguzi huo huitwa MOT. Mtu ye yote, hata akiwa Tengeru, aweza kusoma bure katika intaneti matokeo ya miaka iliyopita, akiwa na namba ya gari tu. Mkaguzi akiona chuma kimeliwa, huandika hapo. Muuzaji akiifunika namba ya gari katika picha, mwombe aifunue.

Na ukaguzi wa hapa kwetu? Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina wajibu wa kuhakikisha ubora wa magari yaliyotumika yaingiayo nchini, na mwaka 2021 lilianza kuyakagua hapa nchini yafikapo. Kazi hiyo ni njema na ya lazima. Lakini fahamuni jambo hili: gari likifika kukaguliwa bandarini, fedha yako imekwisha kukutoka. Mkaguzi aweza kukulinda na gari la hatari. Hawezi kukurudishia ng'ombe wako.

HESABU YA KWELI

Bei iandikwayo chini ya picha si bei ya gari. Kwanza yako nauli ya meli na bima hadi Dar es Salaam. Kisha hufuata ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani, na tozo nyingine. Magari ya umri mkubwa hutozwa kodi ya ziada. Majirani zetu wamekwenda mbali zaidi: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilikataza mwaka 2018 magari yaliyozidi miaka 15. Baada ya kodi ziko gharama za bandari, wakala na usajili, na safari ya zaidi ya kilomita 600 hadi Arusha.

Hapa pana jambo ambalo yafaa baba na mama walizungumze wakiwa wameketi. Kodi hukadiriwa kwa kutazama aina ya gari, mwaka wake na ukubwa wa injini. Kutu haiulizwi. Gari lililooza na gari zima, yakiwa ya aina moja na mwaka mmoja, huweza kutozwa kodi ileile. Nauli ya meli nayo ni ileile. Basi yule aliyefurahi kwamba amepunguziwa bei kule ng'ambo ameokoa kidogo mahali pamoja, akalipa kodi kamili, nauli kamili na wakala kamili kwa ajili ya kuleta mzigo wa kutu. Cha bei ya chini kimekuwa cha bei ya juu kabla hakijatembea hata hatua moja.

SI FEDHA TU

Hasara ya fedha yauma, lakini liko jambo baya zaidi. Bomba la moshi la gari huoza upesi, na sakafu iliyotoboka haizuii moshi kupanda ndani. Katika moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikeri koo. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, na mtu huona kichwa kinauma, akasinzia, asiamke. Katika gari la kawaida abiria hufungua dirisha. Katika gari la kulala watu wamefunga madirisha kwa sababu ya baridi, nao wamelala. Mtu akiwasha injini ili apate joto au achaji betri, au akiacha jiko la gesi linawaka, hatari ni ileile.

Tena fikirini mteremko wa kutoka ukingo wa Ngorongoro, au ule wa kushuka kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu. Dereva akanyagapo breki mahali hapo, maisha ya wote yanategemea mabomba membamba ya chuma yaliyo uvunguni, yenye unene usiofikia kalamu. Kutu ikiyatoboa, mafuta hutoka na breki huzama. Mikanda ya usalama nayo imefungwa katika bati la gari. Mkanda mzuri uliofungwa katika bati bovu ni kamba iliyofungwa katika mti uliooza.

MUUZAJI ANADAIWA NINI?

Wako wasemao kwamba biashara ni ujanja, na mnunuzi asiyetazama ajilaumu mwenyewe. Hasha! Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichunguza swali hilihili: je, muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kitu anachokiuza? Jibu lake ni la kweli hata leo. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na bei ikiwa imepunguzwa kwa haki, muuzaji halazimiki kuitangaza, kwa kuwa mnunuzi anaiona. Lakini kasoro ikiwa imefichika, tena yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima aitaje. Asipoitaja, mapatano hayo ni ya hila, naye anawajibika kufidia hasara. Basi yule apakaye lami mpya nyeusi juu ya kutu ya uvunguni, au azibaye tundu kwa fila na kulipiga rangi, asijidanganye kwamba amefanya biashara. Amechukua mali ya mwenzake. Na neno hili twawaambia pia wasomaji wetu wenye magari ya kuuza, maana muuzaji wa kesho yumo pia kati yetu.

Sheria ya nchi haiko mbali na fundisho hilo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yadai kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Kwa hiyo maelezo ya maandishi ni silaha ya mnunuzi. Lakini sheria hiyohiyo haimsaidii sana aliyekitazama kitu kwa macho yake akaacha kuona kasoro iliyo wazi. Na muuzaji aliye ng'ambo ya bahari si rahisi kumfikisha mahakamani Arusha. Sheria ni mwavuli mzuri, ila haufunguki vizuri baada ya mvua kwisha.

LA KUFANYA

Kwanza, kama gari liko nchini, usitoe hata malipo ya awali kabla ya kulitazama. Nenda mchana, gari likiwa kavu, maana maji hung'arisha rangi mbovu. Nenda na fundi wako mwenyewe; usimtumie fundi wa muuzaji.

Pili, chukua vitu vitatu: tochi, bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaani. Sumaku hushika bati la chuma. Penye fila nene haishiki. (Kwenye bodi ya alumini, kama ya Land Rover, haishiki kabisa, basi hapo tazama chasisi.) Gonga chasisi na vizingiti: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti nzito kama boga.

Tatu, inua zulia na mbao za sakafu. Muuzaji akikataa, shukuru na uende zako.

Nne, gari likiwa ng'ambo, omba karatasi ya mnada nzima, na uilinganishe na namba ya chasisi. Uliza kwa maandishi gari liliishi mkoa gani.

Tano, omba picha za uvunguni, za matao ya magurudumu na za vizingiti, zilizopigwa kwa karibu; na omba picha ya sinema ambamo mtu anagonga chini kwa nyundo ndogo. Uvungu uliopakwa rangi mpya nyeusi usikufurahishe, ukutie shaka.

Sita, lipa mkaguzi asiyehusiana na muuzaji alione gari huko liliko. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na hasara.

Saba, usipeleke fedha kwa akaunti yenye jina la mtu binafsi ilhali umeambiwa unanunua kwa kampuni, wala usiharakishwe kwa maneno ya kwamba yuko mnunuzi mwingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nane, fedha ya familia isitolewe na mtu mmoja. Baba, mama na watoto wakubwa waketi, waandike hesabu yote hadi gari lifike mlangoni, kisha walale usiku mmoja kabla ya kuamua. Na katika hesabu hiyo waache fungu la matengenezo.

Wasomaji watapenda kujua mwisho wa habari ya mzee wetu. Kijana alimwandikia muuzaji, naye akajibu kwa adabu kwamba picha zote zilikuwa za kweli. Nasi tulizitazama tena moja moja, tukaona ndivyo. Zilionyesha rangi, kitanda na mapazia, na vyote vilikuwapo. Hakuna hata moja iliyopigwa uvunguni, na hakuna aliyeiomba. Injini ilikuwa nzima. Iliuzwa pamoja na viti na magurudumu. Bodi ilikatwa ikawa chuma chakavu. Kitanda kilipelekwa nyumbani, na wajukuu hulala juu yake. Mkopo wa mama bado unalipwa kila mwezi.

Tulipomwomba mzee ruhusa ya kuandika habari hii bila jina lake, alikubali mara moja. Alisema: "Padre, andika. Mimi nimenunua somo hili kwa ng'ombe wawili na kahawa ya misimu mitatu. Wao wasome bure."

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini lengelenge dogo juu ya rangi laweza kuwa dalili ya uharibifu mkubwa?

2. Gari la miaka 8 laweza kuwa bovu kuliko la miaka 15 kwa sababu gani?

3. Kwa nini kupunguziwa bei ya gari lililooza si faida?

4. Je, katika nyumba yetu kuna kitu tunachotaka kukiuza chenye kasoro iliyofichika? Tutamwambiaje mnunuzi?